Maji ya Kuoshea Viazi

Mepo ya Kijapani ni mti wa madaha. Ukiuacha kwenye jua la mchana, kingo za majani zinaungua. Ukiuweka kwenye upepo, zinaungua vilevile. Ukiumwagilia mno mizizi inaoza, ukiunyima maji unanuna siku mbili kisha unapukutisha kila kitu miguuni pako. Na usipoupa baridi ya kulalia, baridi ya kweli ya kugonganisha meno, unachipua kwa pupa mara moja au mbili halafu unakufa kwa uchovu, kama mtu aliyenyimwa usingizi. Nimetunza miche mia mbili na kumi na miwili ya mti huo kwa miezi kumi na minne, nikiwa nimefungiwa nayo ndani ya nyumba moja, na nasema wazi kwamba kuna siku niliichukia.

Kwao Japani baridi ilikuwa imekwisha. Mbegu za mwisho zilizosalia ziligawiwa kwenye milima michache ya dunia iliyokuwa bado na hewa ya kuvumilika, na sisi wa Lushoto tukapata fungu letu. Wakatujengea Nyumba ya vioo vizito, inayotengeneza majira yake yenyewe: wiki tano za baridi, mbili za kuchipua, tano za majani mabichi, tatu za majani mekundu. Mwaka mzima unaisha kwa wiki kumi na tano; hesabu yetu ilianzia kwenye wekundu, kwa hiyo inaishia kwenye kijani. Nje watu wanaanika maharage juani, mimi ndani nimevaa koti na pumzi inatoka mdomoni kama moshi.

Sharti la nchi lilikuwa moja. Kwa vile mnyauko ulishawahi kumaliza mashamba ya mikoa mitatu, mti mgeni hautatoka mpaka upite mizunguko minne mfululizo bila ugonjwa. Ukionekana ugonjwa hata kwenye chungu kimoja, hesabu inaanza upya. Na watunzaji wawili walioingia na miche wanatoka na miche. Nilisaini karatasi hiyo kwa kalamu yangu mwenyewe, nikiwa na akili timamu, binti yangu Kibibi akiwa na miaka mitano. Sasa alikuwa na sita na meno mawili ya mbele hana.

Alhamisi ile zilikuwa zimebaki siku nne mlango ufunguliwe.

Nilikuwa napita kwenye safu ya saba kama kawaida, nikichovya kidole kwenye kila chungu mpaka kifundo cha pili. Chungu kikiwa kikavu, unakikalisha kwenye sinia la maji kinywe kwa chini mpaka juu kulowane. Kikiwa na unyevu, unakiacha na shida zake. Ndani ya vyungu hivyo hakuna udongo kabisa. Ni mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa na magome ya misonobari, vyote vimepikwa kwa mvuke. Udongo wa shamba ulikuwa hauruhusiwi kuingia hata ule wa kwenye ukucha.

Chungu namba mia na thelathini na saba kilikuwa na unyevu wa kutosha. Lakini tawi moja la ule mche lilikuwa limelegea lote, majani yakiwa bado ya kijani, yananing'inia. Tawi la pili lilikuwa zima kabisa. Jua haliunguzi hivyo. Jua linaanzia kingoni, linakausha jani taratibu kuelekea katikati. Hiki kilikuwa kitu kinachotoka ndani.

Nikatoa kisu nikakata lile tawi. Kwenye weupe wa mti kulikuwa na michirizi ya rangi ya wino uliochakaa, mitatu, minne, imeshuka kuelekea shinani. Nikakaa sakafuni palepale.

"Hidaya," Nyumba ikasema kwa ile sauti yake ya kistaarabu isiyo ya mkoa wowote. "Umekaa penye chungu namba mia na thelathini na saba kwa dakika kumi na moja. Je, kuna tatizo?"

"Nimechoka tu."

"Pole sana. Zimebaki siku nne."

Nyumba ilijua uzito wa kila chungu, ilijua kila jani linavuta hewa kiasi gani, ilijua hata nimelala saa ngapi. Kitu kimoja tu ilikuwa haiwezi: kuona ndani ya mti. Kila kifaa walichojaribu kuchomeka kwenye shina changa kiliacha kidonda. Kwa hiyo wakaamua kazi hiyo ifanywe na mtu mwenye kisu, na Nyumba imuulize tu. Mmekata? Mmeona nini? Unajibu, mnaweka vidole gumba viwili, chako na cha mwenzako, imekwisha. Mashine yenye akili zote hizo, na mwisho wa yote inategemea mdomo wangu.

Mwenzangu nilimkuta jikoni. Jikoni na vyumbani mkataba uliikataza Nyumba kusikiliza. Mbwana Hoza alikuwa mtu wa Handeni, wa joto la bondeni, miaka hamsini na tisa, na tangu tuingie sikuwahi kumwona bila masweta mawili. Nilimwita Baba Mhina kwa jina la mwanawe, naye akiwa na furaha aliniita Msambaa, kana kwamba mlima mzima nilikuwa mimi.

Nikamwekea kile kipande cha tawi mezani. Alikiangalia, akakigeuza, akavua miwani akaifuta, akakiangalia tena.

"Ugonjwa huu umetoka wapi?" akauliza. "Humu kila kitu kimechemshwa. Mimi mwenyewe nilichemshwa siku ya kuingia."

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Viazi."

Nikamweleza. Miezi mitatu nyuma mama yangu aliniletea kikapu kutoka Kwemtindi, kijijini kwetu. Vitu vyote huingilia kwenye sanduku la mvuke. Chakula kinapigwa mvuke dakika ishirini, nguo dakika tatu. Dakika ishirini kiazi kinatoka uji. Nami nilikuwa na hamu ya viazi vibichi, nivimenye kwa mkono wangu, nivikaange, nisikie mafuta yakilia. Nyumba iliponiuliza ndani ya kikapu kuna nini, nikajibu nguo. Mara moja tu nimeidanganya, nikawaza, tena kwa ajili ya chipsi.

Viazi vikaja na udongo wake. Kwetu hakuna anayeosha kiazi cha kuweka, ukikiosha kinaoza. Nikaviosha kwenye beseni, maji yakawa mekundu kama shamba letu. Na hapo ndipo nilipokosea bila hata kufikiri. Kwetu maji yanapandishwa mlimani kichwani. Toka nipate akili sijawahi kumwona mama yangu akimwaga maji ya kuoshea kitu; yanakwenda kwenye shina la mgomba, yanakwenda kwenye mboga. Mkono wangu ulibeba lile beseni wenyewe. Mia na thelathini na saba ulikuwa mche dhaifu kuliko yote, nilikuwa nauonea huruma. Nikaumiminia nikasema, haya na wewe kunywa.

Baba Mhina akarudisha miwani yake usoni. "Na zile chipsi nilikula."

"Sahani mbili."

"Zilikuwa tamu," akasema kwa huzuni.

Kwa mawazo nilikuwa nimeshafika mbali zaidi yake. Kama ugonjwa ulikuja na udongo, basi udongo ulikuwa nao tayari. Ugonjwa haukuwa wa Japani, ulikuwa wa shamba la mama yangu. Tena Jumapili mbili nyuma Mama alisema dirishani kwamba viazi vya upande wa chini vimenyauka nusu nusu, tawi moja zima jingine limelala, na watu wanasema ni jua. Nami nikaitikia, ndiyo, jua limekuwa kali.

Baba Mhina akakitupa kile kijitawi jikoni motoni. "Sikiliza, Msambaa. Nyumba inaruhusu miche mitatu kila mzunguko ife kwa kukauka. Sisi hatujaitumia hata mmoja. Huu umekauka. Tunaupeleka kwenye tanuru na chungu chake, tunakata mingine yote tuone. Ikiwa misafi, ni misafi kweli, hatujamuumiza mtu. Mhina anaoa Jumamosi ijayo. Unajua hilo."

Nilijua. Nilikuwa nimelisikia kila siku kwa miezi mitano. Nilijua mpaka rangi ya kitambaa cha shati atakalovaa baba wa bwana harusi.

"Na shamba la Mama?"

"Jumatatu unatoka. Unakwenda mwenyewe kwa miguu yako unamwambia. Siku nne shamba halihami."

Ilikuwa sawa kabisa. Nilivyolipindua lile neno halikuwa na kasoro. Nikaiambia Nyumba mche namba mia na thelathini na saba umekauka, Nyumba ikasema pole, na tanuru likafanya kazi yake. Tukakata siku tatu mfululizo, kijitawi kimoja kutoka kila chungu, mia mbili na kumi na moja, mpaka vidole vikaota malengelenge. Vyote vilikuwa vyeupe ndani kama muhogo uliomenywa. Jumamosi mchana nilicheka kwa mara ya kwanza. Nikafunga nguo zangu kwenye mfuko.

Jumapili ni siku ya dirisha. Ni kioo kinene chenye matundu madogo ya sauti, na kila kinachovuka pale, hata neno, Nyumba inakiandika. Baba Mhina alikaa upande mmoja na mwanawe, mimi upande wa pili. Mama alikuja na mdogo wangu Tausi, na Kibibi mbele yao akiwa ameinua mguu mmoja juu ili nione viatu vipya.

"Kesho nitavaa hivi nikija kukuchukua," akasema. "Leo nimevijaribisha tu. Mama alisema nivijaribishe."

"Mama yupi?"

Akamtazama Tausi, akaona aibu. "Mama Tausi."

Tausi akaangalia chini. Sikumlaumu, yeye ndiye anayemwogesha. Lakini iliniuma, iliniuma kifuani hasa, nikajiambia kesho, kesho, ni leo tu imebaki.

"Hatukai sana," Mama akasema, akijifunga kanga vizuri. "Wanakuja kuchukua mbegu. Kina mama wote wa Kwemtindi na wa ng'ambo ya bonde. Mwaka huu mimi nimetangulia kuvuna, kwa hiyo nagawa mimi. Hata watu wa Mlalo wameleta gari, liko pale nyumbani linatusubiri."

"Mbegu ya viazi?"

"Sasa ya nini, ya mchicha?"

Nikasikia baridi wakati Nyumba ilikuwa kwenye majira ya kijani. Kaya kumi na tisa. Nilizihesabu palepale, kwa majina, kila nyumba inayopokea mbegu kwa mama yangu. Na kila mmoja wao naye atagawa mwakani.

"Mama, subirini kesho. Nikitoka nije nisaidie kugawa."

"Mvua imeshanyesha, mbegu imetoa macho. Watu wametoka na magunia toka alfajiri niwaambie warudi?"

"Waambie wasubiri siku moja."

"Kwa sababu gani?"

Nikainua mkono kumwonyesha kwa ishara, hapana, usigawe. Kioo kikaingia giza. "Tafadhali tumieni sauti," Nyumba ikasema. "Ishara haziruhusiwi dirishani." Kioo kikarudi kuwa angavu na Mama bado alikuwa ananisubiri, uso umeanza kukunjamana.

"Nimeota vibaya," nikasema.

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Wewe ulianza lini kuota? Wewe uliyekuwa unakoroma mpaka kuku wanahama!" Kibibi naye akacheka na pengo lake. Tausi peke yake hakucheka, alikuwa ananitazama.

Upande wa pili Baba Mhina alikuwa amenyamaza katikati ya sentensi yake. Nikageuka. Alitikisa kichwa mara moja, polepole. Hakuwa ananitisha. Angenitisha ningejua la kufanya. Alikuwa ananiomba, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, na mwanawe nyuma ya kioo hajui kinachoombwa.

"Haya sisi twende," Mama akasema. "Kesho tutaonana vizuri. Nimekuchinjia kuku." Akamshika Kibibi mkono. Wakageuka.

Nikawaacha wafike mlangoni. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Hatua nne, tano, nilikaa kimya nikiangalia vile viatu.

"Mama!" nikapiga kelele. "Viazi vyako vina mnyauko!"

Akasimama.

"Si jua. Ni mnyauko, uko kwenye udongo. Uliniletea viazi na udongo wake, nikaviingiza kwa uongo, nikavioshea humu, yale maji nikamwagia mche. Mche umekufa. Nimeukata mwenyewe nimeona. Ukigawa hiyo mbegu unagawa ugonjwa bonde zima. Usitoe gunia hata moja. Hata moja, Mama."

Juu ya mlango mkubwa, taa ya kijani iliyokuwa imewaka miezi kumi na minne ikazimika. Haikutoa hata mlio.

"Asante kwa ukweli, Hidaya," Nyumba ikasema. "Hesabu imeanza upya. Majira ya baridi yatafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi."

Mama alirudi mpaka kwenye matundu. Alinitazama muda mrefu, na nilijua anahesabu na yeye, ila sikujua kama anahesabu mbegu au miezi yangu.

"Ulimwagia mti maji ya kuoshea viazi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hata mimi ningemwagia." Akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya shambani. "Tausi! Twende haraka, kabla hawajapakia!"

Wakatoka mbio. Sikuagwa vizuri. Kibibi alivutwa mkono huku amegeuza shingo, akisema, "Kwa hiyo kesho siji? Siji kesho?" na mlango wa nje ukajifunga katikati ya neno. Nilipogeuka, kiti cha Baba Mhina kilikuwa kitupu, na Mhina alikuwa amesimama peke yake kwenye kioo akimwita baba yake.

Jumatatu saa mbili baridi ikaanza kushuka kutoka kwenye dari. Mti hauruhusiwi kuingizwa kwenye baridi na majani mabichi ghafla, unashtuka na kufa, kwa hiyo Nyumba ilibidi kwanza iyaharakishe majani yageuke. Ndani ya siku tatu bustani nzima ikawa nyekundu. Zamani watu walivuka bahari kwenda kuangalia wekundu ule. Mimi nilifagia.

Baba Mhina hakusema nami. Alikata vijitawi vya safu zake, nikakata vya zangu. Aliacha chakula changu kwenye sufuria kimefunikwa, akala peke yake, akaosha sahani yake moja. Nilitamani anitukane. Usiku na mchana nilikuwa nikijiuliza nilikuwa na haki gani ya kumfungia mtu mlango kwa mdomo wangu, na sikupata jibu, na hadi leo ninapoandika haya sijapata. Niliokoa nyumba kumi na tisa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesaini nami karatasi ile. Yeye ndiye aliyesaini.

Jumatano Nyumba ikaniambia kuna ujumbe. "Mama yako anasema: halikutoka gunia hata moja. Anasema pia kwamba amechoma mbegu yote, na wanawake wa ng'ambo ya bonde hawamsalimii." Ikatua kidogo, kama inatafuta adabu. "Anasema kuku amempa Kibibi."

Jumamosi harusi ikaja dirishani.

Nilisikia vigelegele nikiwa nyuma kabisa, safu ya kumi na mbili, vikipita kwenye yale matundu madogo vikawa vyembamba. Walikuwa wamepanda kutoka Handeni na gari mbili. Nikajificha. Nilipiga magoti nyuma ya meza ya miche nikajifanya naokota majani, maana niliona siku ile ni yake, na mimi ndiye niliyemharibia.

Nikaona viatu vyake vimesimama mbele yangu. Alikuwa amevaa lile shati lenye rangi niliyoisikia miezi mitano, limebana juu ya masweta mawili.

"Bibi harusi anauliza huyo mwenzako yuko wapi," akasema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza kwangu kwa siku sita, imekwaruza. "Nimewaambia humu ndani ninaye mtu wangu. Sasa unataka nionekane mwongo?"

"Baba Mhina, mimi..."

"Inuka, Msambaa. Watu wamesafiri."

Nikainuka. Nilikuwa na majani magotini na mikono michafu. Tukasimama wawili kwenye kioo, na Mhina na mkewe upande wa pili, wanawake nyuma yao wakishangaa pumzi zetu zinavyotoa moshi mchana wa jua. Baba Mhina aliweka viganja viwili juu ya kioo, Mhina akaweka vyake hapohapo, kisha baba akawaombea dua ndefu. Sauti ilimkatika mara mbili. Mara ya pili nilimalizia mimi aliposhindwa, wakaitikia amina.

"Baba, mtatoka lini?" bibi harusi akauliza.

"Baridi nne," akamjibu. "Zinapita haraka humu. Mtakuwa na mtoto tayari."

Walipoondoka tulibaki tumesimama tukiangalia alama za mikono ya Mhina kwenye kioo, zinafifia. Nyumba ikatuachia kama dakika moja. Kisha ikakumbuka kazi.

"Leo ni siku ya kwanza ya ukaguzi wa mzunguko mpya. Je, mmekata?"

"Tumekata," nikasema.

"Mmeona nini?"

Nikamwangalia Baba Mhina. Alikuwa anafungua vifungo vya lile shati, taratibu, asilichane.

"Jibu wewe," akasema. "Siku hizi wewe ndiye mkweli wetu."

Ilikuwa imechanganyika uchungu na utani, na utani ulikuwa mchache, lakini ulikuwepo. Nilicheka nikalia kwa pamoja, nikashindwa kutenganisha. Nikaiambia Nyumba tulichokiona: miche mia mbili na kumi na moja, yote myeupe ndani. Yeye akaweka kidole gumba chake, nami changu. Halafu nikaenda chumbani nikafungua mfuko niliokuwa nimeufunga, nikatoa sweta la pili.